Vina vya Ziwa Mweru

Mwaka 2019 jarida la Nature Communications lilichapisha makala kuhusu samaki wa maziwa mawili ya kaskazini mwa Zambia, Mweru na Bangweulu. Mwandishi wa kwanza ni Joana Meier. Wa mwisho, nafasi ambayo kwa desturi ya fani hiyo hupewa kiongozi wa kazi, ni Ole Seehausen, na katikati wamo wengine kadhaa, akiwemo Cyprian Katongo wa Chuo Kikuu cha Zambia. Wanabiolojia wameyasoma makala hayo kwa ajili ya matokeo. Hapa nayasoma kama tunavyosoma utenzi au riwaya: yameanzia wapi, yamekatwaje vipande, kipi kimewekwa kando ya kipi, na umbo lake limebeba nini ambacho maneno yake hayakusema. Ninayo sababu. Hoja yake ni kwamba viumbe vipya huweza kuzaliwa kwa kukutana, si kwa kutengana tu, na hoja hiyo haikai sawasawa katika umbo ambalo elimu ya viumbe imelitumia tangu karne ya 19. Waandishi walilazimika kutafuta umbo jingine. Mahali fulani walilipata, tena kwa ustadi mkubwa. Mahali pengine lile la zamani liliwashinda nguvu.

Msomaji anahitaji kwanza kuyaona maji yenyewe. Nchelenge iko kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru, ikiwa imeshikana na Kashikishi na soko lake la samaki, na ng'ambo ya maji ni Kongo, ambako mtu akiteremka Kilwa au Pweto hukuta Kiswahili cha Katanga. Hata upande wa Zambia lugha hii si ngeni: makazi ya wakimbizi ya Mantapala, yaliyofunguliwa wilayani Nchelenge mwaka 2018, yalipokea watu wengi waliokuja nayo kutoka huko. Mto Luapula unaingia ziwani kutoka kusini baada ya kupita kwenye vinamasi vipana, Kalungwishi unaingia kutoka mashariki, na maji yote hutokea kaskazini, pale Pweto, kwa mto Luvua unaokwenda kuungana na Lualaba. Juu zaidi, ukiufuata Luapula kinyume cha mkondo, unapita maporomoko ya Mambilima, kisha ya Mumbatuta, hatimaye unafika Bangweulu. Samaki wa Bangweulu anaweza kuteremshwa na maji hadi Mweru. Wa Mweru kupanda hadi Bangweulu ni kazi nyingine kabisa. Halafu kuna jambo la asili ya mito: Chambeshi, unaolilisha Bangweulu, unaaminika kuwa zamani za kale ulielekea upande wa Kafue na Zambezi kabla ya kugeukia bonde la Kongo. Kwa hiyo samaki wa juu wana undugu na wale wa Zambezi, wa chini wana undugu na wale wa Kongo, na Mweru ndilo ziwa ambalo pande hizo mbili ziliweza kukutana.

Samaki wanaozungumzwa ni wa kundi ambalo wavuvi wa Mwanza huliita furu, pamoja na jamaa zake wakubwa zaidi. Katika Mweru ni wa jenasi kama Pseudocrenilabrus, Sargochromis na Serranochromis. Kwa muda mrefu ziwa hili halikutajwa katika orodha ya maziwa maarufu kwa furu, yaani Victoria, Tanganyika na Nyasa. Timu hii ilipolivua kwa makini ilikuta zaidi ya spishi 40 ambazo sayansi haikuwa imezitambua.

Sasa umbo. Makala yamejengwa kwa pande mbili zinazotazamana, kama mshororo wenye ukwapi na utao. Upande wa kwanza ni Bangweulu. Nadharia ya zamani, ile iliyojengwa juu ya ndege wa visiwa vya Galápagos na kuimarishwa na kitabu cha David Lack cha mwaka 1947, husema kwamba ukoo mmoja wa viumbe huchanua na kuwa spishi nyingi pale unapofika mahali papya ukiwa peke yake: haurudiwi na jamaa waliobaki nyuma, wala haukuti washindani. Kwa kipimo hicho Bangweulu ndilo lilistahili kuchanua. Koo za furu zilizofika huko ni chache, nafasi ni tele, washindani ni haba. Upande wa pili ni Mweru, ziwa lililojaa koo nyingi zenye uhusiano wa karibu, mahali ambapo kila mgeni angekuta mlango umeshikwa na binamu yake. Kwa kipimo kilekile, Mweru ndilo lilistahili kudumaa.

Ikawa kinyume. Bangweulu hawakupata dalili ya koo kuchanganyika, na hawakupata mchanuo. Mweru walikuta kwamba koo zilezile za Bangweulu ziliteremka, zikakutana na koo za upande wa Kongo, zikazaliana, kisha yakatokea si mchanuo mmoja bali michanuo kadhaa kandokando.

Uzuri wa mpangilio huu uko katika heshima uliyoipa Bangweulu. Makala nyingi za sayansi hutufikisha moja kwa moja mahali palipotokea jambo. Ziwa ambalo halikutokea kitu huachwa kwenye daftari la safari. Hapa ziwa lililonyamaza limepewa nusu nzima ya hoja, na linatajwa kabla ya lile lililosema. Mtu akiondoa Bangweulu, Mweru inabaki kuwa habari ya kuvutia tu: kulikuwa na kuchanganyika, kulikuwa na mchanuo, na huenda mambo hayo mawili hayahusiani. Ukimya wa upande wa kwanza ndio unaolipa tukio la upande wa pili maana yake. Nimesoma hadithi fupi nyingi ambazo waandishi wake hawajajifunza kutumia mhusika asiyefanya kitu kwa ustadi wa namna hii.

Hata hivyo lazima niseme kwamba pande mbili hizi si pacha. Bangweulu ni maji mafupi yaliyozungukwa na vinamasi, mahali ambapo ukingo wa ziwa na mwanzo wa nchi kavu hubadilika kila msimu. Mweru limelala kwenye bonde lililovunjwa na nyufa za ardhi, na lina vina vinavyozidi vya Bangweulu. Mpinzani anaweza kusema tofauti ya matokeo imetoka kwenye maji yenyewe, haikutoka kwenye damu ya samaki. Makala yana jibu, na jibu hilo nalo ni la kiumbo: ndani ya Mweru kwenyewe jambo limejirudia. Koo zaidi ya moja zilichanganyika, na zaidi ya moja zikachanua. Kama ingekuwa tukio moja tungelihesabu kuwa bahati. Linaporudi ndani ya utao uleule linaanza kuwa kina.

Neno hilo la ushairi nalichukua kwa makusudi, kwa sababu katikati ya makala za aina hii kuna kifaa ambacho mtu aliyelelewa kwenye tarbia anakielewa upesi kuliko wanafunzi wengi wa biolojia. Ni kipimo kilichopata umaarufu mwaka 2010, kilipotumiwa kuonyesha kwamba binadamu wa nje ya Afrika wamebeba sehemu ndogo ya urithi wa Neandertali. Watafiti hukiita kwa herufi nne zinazopangwa kwa namna mbili: ABBA na BABA.

Chukua samaki wanne, kila mmoja mshororo wake. Wa kwanza na wa pili ni ndugu wa karibu. Wa tatu ni binamu yao. Wa nne ni wa mbali sana, na amewekwa kwa kazi moja tu, kutuonyesha hali ilivyokuwa kabla hao wengine hawajaachana. Yeye ndiye kituo, mshororo unaoshikilia vipimo vya mingine mitatu. Sasa angalia mahali pamoja kwenye DNA zao. Herufi aliyonayo samaki wa nne ni ya zamani, tuiite A, na herufi mpya iliyozuka baadaye tuiite B. Tunatarajia ndugu wawili walingane. Lakini kuna mahali ambapo wa pili analingana na binamu yake wa tatu, na nduguye wa kwanza amebaki na herufi ya zamani: A, B, B, A. Kuna mahali pengine ambapo ni ndugu wa kwanza aliyelingana na binamu: B, A, B, A. Kama koo hizo hazikukutana tena baada ya kuachana, mipangilio hii miwili huzuka kwa kubahatisha tu, kutokana na masalia ya utofauti waliokuwa nao wazazi wao wa kale, na kwa kuwa ni ya kubahatisha huwa inalingana kwa wingi. Mmoja ukizidi mwingine, mahali maelfu kwa maelfu, kuna jambo limepita kati ya ndugu huyo na binamu.

Kina kikilingana mara moja kati ya mishororo ya watu wawili, hakuna wa kushtuka. Kikilingana beti baada ya beti, hakimu wa malumbano atauliza nani alikuwa akimsikiliza nani. Ndivyo kipimo hiki kinavyofanya kazi, na ndiyo maana nakiona kuwa sehemu nzuri kuliko zote katika fani hii. Hakihitaji mtu aliyeshuhudia. Hakihitaji mfupa uliozikwa kwenye tope. Kinachukua maandishi yaliyo hai, yanayoogelea leo mbele ya Nchelenge, na kuyasoma kwa sauti hadi mwangwi wa kukutana kwa kale usikike. Mkutano wenyewe ulikuwa, kwa makadirio, miaka kama milioni moja iliyopita, siku za kuundwa kwa ziwa.

Lakini ubeti wa samaki wanne una mipaka yake, na msomaji asiidharau. Unasema kwamba kulikuwa na kukutana. Peke yake hausemi ni upande gani uliotoa na upi uliopokea. Hausemi kama kukutana kulikuwa kwa usiku mmoja au kwa vizazi elfu. Wala hauwezi kumtaja mtu wa tano ambaye hakualikwa kwenye ubeti, yaani ukoo uliokwisha toweka au ambao haujavuliwa, lakini ndio uliotoa herufi zile. Nitalirudia jambo hili kwa sababu lina madhara nje ya karatasi.

Kwa nini kuchanganyika kulete wingi badala ya kulainisha kila kitu kiwe sare? Hilo ndilo swali la msomaji yeyote mwenye akili, na makala hulijibu kwa hoja ambayo Seehausen aliiweka hadharani tangu mwaka 2004. Mabadiliko mapya ya DNA huja polepole, na mengi hayana faida. Koo mbili zilizoishi mbali kwa muda mrefu, kila moja katika mto wake, zimekwisha kusanya mabadiliko mengi yaliyopimwa na maisha yenyewe: taya la namna hii, jicho la namna ile, rangi, ukubwa, kina cha maji kinachovumilika. Zikizaliana, vizazi vinavyofuata hupata michanganyiko ambayo hakuna mzazi aliyekuwa nayo, na baadhi ya watoto hupita mipaka ya wazazi wote wawili. Hifadhi ya karne nyingi inamwagwa sokoni siku moja. Kukiwa na ziwa jipya lenye miamba, mchanga, matete na maji ya wazi ambayo hayajashikwa na mtu, michanganyiko hiyo inaweza kutawanyika, kila mmoja na mahali pake, kisha kuachana tena.

Ushahidi wa karibu zaidi na wasomaji wengi wa Kiswahili ni wa Ziwa Victoria. Mwaka 2017 Meier, Seehausen na wenzao walionyesha kwamba furu wa Victoria na maziwa ya jirani, spishi kama 700 kwa jumla, wametokana na kukutana kwa koo mbili, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Nile ya juu, yapata miaka 150,000 iliyopita. Jeni mojawapo inayohusika na kuona rangi ilifika ikiwa na namna mbili zilizotofautiana sana, kila ukoo na yake. Leo namna hizo zimegawanywa kati ya spishi kulingana na mwanga: wale wa juu, ambako mwanga wa samawati bado unafika, wana namna moja, na wale wa chini, ambako mwanga umegeuka mwekundu, wana nyingine. Majike huchagua madume kwa rangi wanayoiona vizuri, na hivyo macho yakawa ukuta kati ya spishi. Ukuta huo ni mwembamba. Seehausen aliandika mwaka 1997 kwamba pale maji ya Victoria yalipochafuka na mwanga kupungua, rangi zilififia na mipaka kati ya spishi ikaanza kuyeyuka.

Victoria ni hadithi kubwa zaidi, lakini kwa upande wa fani Mweru inanishawishi kuliko Victoria. Kule kuna tukio moja la kutisha kwa ukubwa wake, na hakuna ziwa la kimya la kulilinganisha nalo. Hapa kuna ulinganisho.

Na kuna miili. Mtu akimchukua mmoja wa samaki hawa kwenye beseni la muuzaji pale Kashikishi na kumfungua mdomo, atakuta taya la mbele linalofanya kazi ya kukamata. Akimpasua hadi kooni atakuta taya la pili, mifupa midogo iliyoota meno, ambalo kazi yake ni kusaga. Ni kwa sababu ya kugawana kazi huku ndiyo familia hii imeweza kubadilika kwa upesi mno. Taya la kukamata likiwa huru na kazi ya kusaga, linaweza kurefuka kwa ajili ya kuwinda samaki wengine, au kufupika kwa ajili ya kukwangua mwani, huku lile la kooni likinenepa na kuota meno butu ya kuvunja konokono. Dume la Pseudocrenilabrus hubeba alama ya rangi ya chungwa kwenye ncha ya pezi la chini, karibu na mkia. Jike huatamia mayai mdomoni. Mambo haya yote yanaingia kwenye vipimo vya makala: urefu wa taya, ukubwa wa jicho, kimo cha mwili.

Jambo ambalo vipimo hivyo vimeonyesha ndilo ninaloliona kuwa kilele cha makala, ingawa waandishi wameliweka baada ya habari ya jeni. Michanuo ya Mweru haikurudiana. Ukoo mmoja ulichukua eneo lake la maumbo, mwingine ukachukua eneo la kando, na maeneo hayo yanakamilishana. Kuwepo kwa binamu hakukuzuia mchanuo kama nadharia ya zamani ilivyodai, ila kuliamua njia ambazo mchanuo ungepita. Hapa mtu wa arudhi hapati shida. Anajua kwamba mizani na vina humfungia mshairi milango fulani, na kwamba ni milango hiyo iliyofungwa inayompeleka kwenye maneno ambayo asingeyafikia akiwa huru. Wanabiolojia wengi waliulizana kama ushindani unazuia au hauzuii. Makala haya yanasema unaelekeza, na yanasema kwa kuweka maumbo yenyewe kandokando, jambo ambalo aya kumi za nadharia zisingeliweza.

Nije sasa kwenye umbo lililowashinda. Ni mti. Tangu Charles Darwin achore tawi la kwanza kwenye daftari lake mwaka 1837, na tangu kitabu chake cha 1859 kitoke na mchoro mmoja tu, nao ni wa matawi, mti umekuwa sarufi ya elimu hii. Sarufi yake ina kanuni moja isiyovunjwa: tawi likishaachana na jingine halirudi. Mchoro wa koo za samaki, hata katika kazi inayothibitisha kwamba koo zilikutana, huanza kuwa mti, halafu kukutana kunaongezwa juu yake kama nyongeza. Jicho la msomaji linaona kwanza mti, na linauamini. Jambo ambalo makala yanalipigania limegeuzwa kuwa rekebisho la jambo ambalo makala yanalipinga. Silitaji hili kama kosa dogo la mchoraji. Katika maandishi ya sayansi mchoro ndio unaokumbukwa, na mwanafunzi wa Lusaka au Dodoma atakayeuona mchoro wa namna hiyo kwenye ubao ataondoka na matawi kichwani.

Kinachonigusa ni kwamba Darwin mwenyewe, katika daftari lilelile la 1837, alijiuliza kama tumbawe lisingefaa kuliko mti, kwa kuwa matawi ya chini ya tumbawe yamekufa na hayaonekani, kama mababu wa viumbe. Hakuendelea na wazo hilo. Zaidi ya karne moja na nusu baadaye, J. E. N. Veron, mtafiti wa matumbawe wa Australia, alichapisha mwaka 1995 kitabu kinachodai kwamba matumbawe yanayojenga miamba hayafuati mti hata kidogo. Mikondo ya bahari hubeba mabuu na kuunganisha koo zilizokuwa mbali, mikondo hiyo ikibadilika koo hutengana, ikibadilika tena hukutana, na picha inayotokea ni wavu. Alikuwa na sababu za kufikiri hivyo. Kwenye Great Barrier Reef matumbawe ya spishi nyingi hutoa mayai na mbegu zao usiku, katika siku chache zilezile baada ya mwezi mpevu, na maji huwa mchuzi wa spishi mbalimbali. Katika Karibi, tumbawe liitwalo Acropora prolifera, ambalo lilihesabiwa kuwa spishi, limethibitika kuwa mahuluti wa spishi nyingine mbili za jenasi hiyo.

Pwani yetu imechangia kwenye hoja hii kwa namna inayofanana na Bangweulu, yaani kwa ukimya. Sangeeta Mangubhai na Peter Harrison walichunguza miamba ya Mombasa na kuchapisha mwaka 2008 kwamba huko Acropora hazitoi mayai kwa pamoja kama kule Australia. Spishi zimejigawa kwa miezi, na hata ndani ya spishi moja kazi huenea kwa muda. Mahali ambapo jamaa hawako majini usiku mmoja, nafasi ya kuzaliana nayo ni ndogo. Nani ameweka miamba ya Mombasa na ya Australia kandokando kama Meier na wenzake walivyoweka Bangweulu na Mweru, upande wa kimya ukiwa na nusu yake halali? Umbo liko tayari, limejaribiwa kwenye maji baridi, na linangoja mtu wa bahari alichukue.

Kuna kitu kingine ambacho aina hii ya uandishi huacha nje, nacho ni majina. Spishi zaidi ya 40 zimehesabiwa, zimepimwa, DNA yake imesomwa, lakini nyingi zimeingia kwenye fasihi ya sayansi zikiwa na lakabu za muda. Kazi ya kuzipa majina rasmi ni utanzu mwingine, wa polepole na usio na sifa kubwa: mtu anahesabu magamba, miiba ya pezi, meno, anateua samaki mmoja kuwa kielelezo cha kudumu, anaandika maelezo makavu ambayo yatasomwa na watu wachache kwa miaka mia moja. Katongo, Seehausen na Jos Snoeks walifanya hivyo mwaka 2017 kwa Pseudocrenilabrus pyrrhocaudalis, furu wa Mweru mwenye mkia mwekundu. Wengine bado wanangoja zamu. Spishi isiyo na jina ni nadra kuingia kwenye orodha ya viumbe walio hatarini, na ziwa hili linavuliwa sana. Wakazi wa Luapula wanalijua hilo vizuri: mpumbu, samaki aliyekuwa akipanda mto kwa makundi kwenda kutaga, alivuliwa kwa nyavu nyingi kwa ajili ya soko la miji ya shaba hadi katikati ya karne ya 20 makundi yale yakaanguka. Leo biashara ya Nchelenge inasimama juu ya samaki waitwao pale na chisense, na serikali hufunga uvuvi tangu Desemba hadi mwisho wa Februari. Furu wadogo wa rangi hawana soko kubwa, wala hawana mtetezi. Nyavu zenye macho madogo hazibagui.

Na hapa narudi kwenye mipaka ya ubeti wa samaki wanne. Mwaka 2014 Katongo huyuhuyu, pamoja na Andrew Deines na wenzao, alichapisha utafiti wa mto Kafue, mamia ya kilomita kusini. Huko samaki wa Nile ambaye Watanzania humwita sato aliingizwa kwa ufugaji, akatoroka mtoni, na akazaliana na jamaa zake wenyeji. DNA zilionyesha mahuluti. Ukiupanga ubeti wa Kafue na ubeti wa Mweru na kuhesabu vina tu, vyote viwili vinasema jambo moja: hapa koo mbili zimekutana na zimeachiana herufi. Katika Mweru kukutana kulimwaga hifadhi ya kale kwenye ziwa jipya lenye nafasi wazi, na spishi zikaongezeka. Katika Kafue mgeni ameletwa na binadamu kwenye mto ambao nafasi zake zilikwisha shikwa, anaendelea kuongezwa kutoka mabwawani, na wenyeji wanaweza kumezwa kidogo kidogo hadi wabaki jina tu. Kilichotenganisha matokeo hayo mawili hakimo kwenye vina. Kimo kwenye nafasi iliyokuwapo, kwenye muda walioachiwa samaki kutengana tena, na kwenye idadi ya wageni wanaoletwa kila mwaka. Anayeyanukuu makala ya Mweru ili kuhalalisha kupandikiza sato kwenye bonde la Luapula, kwa kuwa eti kuchanganyika huleta wingi, amesoma utao na kuuacha ukwapi.